Isale la Baba Hadi Rasi ya Itare

Tangu nirudi, kila anayepita kwenye kibanda changu cha mabango hapa Kijenge ananiuliza swali lile lile: ulimpata? Nimewajibu wengi wenu vipande vipande, brashi ikiwa mkononi, na kila mara nimegundua baadaye kwamba kuna jambo nimeliruka. Mnanijua. Herufi moja ikipinda kwenye bango la duka, hata mwenye duka asipoiona, mimi naiota. Kwa hiyo naandika yote mara moja, kwa mpangilio wa njia, ili nipate amani. Habari za tiketi nimeziacha. Hazina ladha.

Baadhi yenu hamkujua kilichonipeleka, nami sikupenda kukisema. Baba yangu na mdogo wake, Anaeli, walipewa na babu kihamba kimoja mlimani, juu ya Usa River: kahawa chini ya migomba. Katikati babu alipanda mstari wa masale. Ninyi mliotoka mbali na mlima mnayaona masale kama ua tu, mti mwembamba wenye majani marefu kama panga. Kwetu ndiyo mpaka, na ndiyo radhi. Mtu aliyekosa hufunga fundo kwenye jani la isale na kulipeleka kwa aliyemkosea. Likipokelewa, ugomvi umekwisha.

Baba mdogo Anaeli alikuwa bwana miti wa serikali, anapangiwa kazi mbali. Siku moja alirudi likizo akakuta masale yameng'olewa na kahawa ya baba imevuka hadi upande wake. Hawakupigana. Alikunywa chai, akamshukuru mama kwa chai, akaondoka. Mimi nilikuwa bado sijaanza shule.

Mwaka huu bibi alitangaza kwamba hatagawa kihamba kwa wajukuu mpaka wanawe wawili wasimame mpakani wote, na kwamba yeye hana muda wa kusubiri watu wanaonuna. Akiondoka kabla ya hapo, kesi inakuwa yetu, mimi na binamu zangu, na ya watoto wetu. Basi asubuhi moja baba, ambaye nyonga yake haimfikishi hata sokoni Tengeru, aliniita akanikabidhi jani moja la isale lenye fundo. Kuna mfanyabiashara wa samaki alikuwa amemletea habari kwamba Anaeli yuko hai, yuko Ukara, kisiwa cha Ziwa Viktoria, kwenye rasi ya mawe inayoitwa Itare.

"Utampa mkononi," baba alisema. "Mikono miwili. Usiliweke chini, usimtume mtu."

"Akikataa?"

"Akikurudishia, usibishane naye. Lilete."

Mama alilizungushia kitambaa kibichi, kisha majani ya mgomba, kisha akafunga kwa kamba ya mgomba. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipopata makao.

Arusha hadi Singida

Basi letu lilikuwa moja ya haya mapya ya watu binafsi, yaliyojaa tangu mambo yaanze kuwa ruksa, lenye rangi nzuri kuliko injini. Maandishi ya ubavuni nilichora mimi. Herufi ya mwisho imebanwa kwa sababu nilikosea kupima nafasi, na nilipanda nikiwa nimeelekeza uso upande mwingine.

Nilikaa na mama mmoja wa Machame anayepeleka mitumba Shinyanga. Alikuwa na maneno mengi. Kufika Makuyuni nilikuwa nimeshajua wanawe wote na makosa yao. Kisha akaona kifurushi mapajani mwangu, na jinsi nilivyokuwa nakifungua pembeni na kuchungulia kila tulipoyumba.

"Kijana, umebeba yai?"

"Hapana, mama."

"Basi ni nini unachokichungulia hivyo? Utakiua kwa macho."

Nilimfunulia kidogo. Aliliona fundo. Hakuuliza linakwenda kwa nani wala limetoka kwa nani. Aliinuka, akanipa kiti chake cha dirishani, mahali penye hewa, na kila tuliposimama alikuwa akisema, "Limwagie maji kidogo. Si mengi, litaoza." Sisi wa Meru na Wachaga tunataniana kwa mambo mengi, lakini hilo tunaelewana bila kuelezana.

Baada ya Babati mvua ilikuwa imeshakula barabara. Chini ya mlima Hanang basi lilizama matope hadi kwenye ekseli, na hapo tulishinda. Wanaume tulikata matawi na kuyatandika. Nilikuwa na zamu ya kusukuma na sikuwa na pa kuweka kifurushi. Kukiweka chini sikuruhusiwa; ndivyo nilivyolielewa agizo la baba, kama sheria ya mahakama. Nikawa nasukuma kwa mkono mmoja.

"Yule mwenye maua sukuma!" kondakta alipiga kelele.

Mama wa Machame alinyoosha mikono dirishani. "Nipe mimi. Niko juu. Mikono yangu si chini."

Nilimpa, kisha nikaona aibu kwa jinsi nilivyogeuka kumtazama kila baada ya kusukuma. Singida tulifika tumekuwa rangi moja, abiria na basi. Tulikula kuku wa pale, ambaye sifa zake ni za kweli, ingawa wangu alikuwa na misuli ya mwanariadha. Mama wa Machame alikula kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umeshika isale, kwa sababu mimi nilikuwa nimekwenda kunawa.

Mwanza hadi Nansio

Shinyanga tuliagana. Mwanza nilifika peke yangu, mji wa mawe yaliyobebana, na kitu cha kwanza kilichonipokea ni harufu. Mtu wa mlimani hazoei samaki. Siku hizi viwanda vya pale vinachuna sangara, minofu inapanda ndege, na kichwa pamoja na mifupa vinabaki kwa wenyeji, vinakaangwa barabarani na kuitwa mapanki. Nilikula kwa sababu mwenye genge alikuwa ananitazama.

"Unamla kama unamtoa mwiba mgonjwa," alisema.

Bandarini ndipo nilipokaribia kulipoteza jani. Mgambo mmoja aliona majani ya mgomba yaliyofungwa vizuri, mabichi, na kijana mwembamba wa kutoka Arusha mwenye macho yasiyotulia. Nadhani hata mimi ningenishuku. Mirungi hufungwa hivyo hivyo.

"Fungua."

"Afande, si mirungi."

"Nimesema mirungi? Umeitaja wewe."

Nilifungua taratibu mno, nisije nikalichana jani, na taratibu hiyo haikunisaidia. Aliliinua isale, akalinusa, akalikunjua kidogo, akanitazama kwa mashaka zaidi kuliko mwanzo. Mirungi angejua la kuifanya.

"Hili linatafunwa?"

"Halitafunwi."

"Ni dawa?"

"Ni radhi."

Aliita mwenzake. Mwenzake naye alinusa. Walijadiliana kama jani lenye fundo linaweza kuwa uchawi, na kama uchawi ni kazi yao au ya kituo cha polisi. Nyuma yangu foleni ilianza kunung'unika, meli ikapiga honi. Mwishowe yule wa kwanza akaniuliza nani amemkosea nani, nikamweleza habari ya masale na kahawa, kwa kirefu, kwa sababu nikiwa na hofu siwezi kufupisha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mzee wako ameiba shamba, halafu anatuma jani."

"Ndiyo, afande."

"Pita," alisema. "Huyo ndugu akilikubali jani hili, na mimi nina watu wa kuwapelekea."

Ndani ya meli kulikuwa na kuku, magodoro, kreti za soda na kitanda kizima. Sikuwa nimewahi kuwa juu ya maji. Nilikaa katikati kabisa, nikishika nguzo, nikijaribu kuonekana kama mtu anayeipenda nguzo.

Nansio hadi Ukara

Kutoka Nansio nilivuka kisiwa cha Ukerewe nyuma ya baiskeli, hadi Bugolora, na kutoka hapo nikapanda boti ya injini inayosomba watu na muhogo kwenda Ukara. Injini ilizimika katikati. Hakuna aliyeshtuka ila mimi. Mwenye boti alipuliza mrija wa mafuta, akautema, akapuliza tena. Kuna wadudu wa ziwani waliokuwa wameinuka kwa mbali kama moshi wa shamba linalochomwa, nami nilidhani ni moto. Nilimwonyesha mtu wa jirani.

"Moto wa majini?" aliuliza kwa upole.

Ukara ni kisiwa kidogo chenye watu wengi, na kila kipande chake kimeshughulikiwa. Mimi natoka kwenye vihamba, nilidhani najua kubanana. Pale hata mti uliosimama katikati ya shamba la mtu unaweza kuwa wa mtu mwingine. Nililijua hilo kwa njia mbaya. Nikitembea kuelekea Itare nilivunja kijiti cha mswaki, na bibi mmoja aliyekuwa analima akasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huo mti una mwenyewe."

"Samahani. Nilivunja kijiti tu."

"Na majani yake?"

Nilitazama. Nilikuwa nimeyachambua na kuyatupa. Alikuja akayaokota yote, akayapanga kiganjani, akayaweka kwenye kikapu chake. "Nitampelekea mwenye mti," alisema. "Ng'ombe wake hajala."

Itare

Rasi ya Itare inaingia ziwani upande wa kaskazini kama ngumi. Shingo yake ni nyembamba. Mtu akisimama hapo anasikia maji pande zote mbili. Kisha mawe yanaanza, makubwa kuliko nyumba, ya mviringo, yamepandana bila udongo kati yake. Mengine yamepasuka katikati, na ndani ya nyufa kuna mitini iliyoshuka na mizizi yake kama nta iliyoyeyuka. Upande unaopigwa na mawimbi ni mtupu na mweusi. Upande wa pili kuna ghuba ndogo yenye mchanga, na juu yake ndiyo nyumba ya baba mdogo.

Hakuwepo. Mke wake alinipokea, mama mnene wa makamo, mwenyeji wa kisiwa, anayeitwa Mama Tumaini. Nilipojitambulisha aliacha mchi kwenye kinu.

"Wa Arusha? Wa kwa ndugu yake?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe mpo."

Aliniingiza ndani. Nyumba ilikuwa na giza la kupendeza, na katikati ya sehemu moja palikuwa na shimo la kina cha kiuno, na ndani ya shimo ng'ombe jike mwekundu, akinitazama kutoka usawa wa magoti yangu. Ndivyo wanavyofuga. Malisho hayapo, kwa hiyo ng'ombe anakaa shimoni na majani yanaletwa kwake, yanakuwa samadi chini ya miguu yake, na samadi inabebwa kwa vichwa kwenda shambani. Sisi pia tunafungia ng'ombe ndani, lakini si kwa kina hicho, na si kwa uangalifu huo.

Nilikuwa nimechoka na miguu inawaka. Mama Tumaini alileta maji ya kunawa. Kunawa kunahitaji mikono miwili. Akanyoosha yake, miwili, kama yule mama wa Machame, akakipokea kifurushi, akakinusa na uso wake ukafunguka.

"Mabichi kabisa. Umetoka nayo Arusha?"

"Ndiyo, mama. Nimeyatunza njia nzima."

"Ahsante, mwanangu. Ahsante sana."

Nilikuwa nimeinama, maji usoni. Nilidhani ananipongeza. Niliponyanyua kichwa majani ya mgomba yalikuwa yameshafunguliwa, kitambaa kimetundikwa vizuri mlangoni kikauke, na ng'ombe mwekundu alikuwa anatafuna. Ncha ya isale, kijani kwenye kijani, ilikuwa inaingia mdomoni taratibu kama barua kwenye sanduku. Fundo lilikuwa limeshapita.

Sikupiga kelele. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Alikuwa amesimama pale amefurahi, akinieleza kwamba kwao mgeni mwenye adabu haji mikono mitupu kwenye nyumba yenye ng'ombe, huja na japo konzi ya majani, lakini hajawahi kusikia mgeni aliyeyabeba kutoka Arusha. "Baba Tumaini huwa anasema watu wa kwenu ni wagumu," alisema. "Nitamwambia."

Nilikaa kwenye kigoda. Niliwazia kurudi siku ile ile. Niliwazia kutafuta jani lingine, lakini masale hayapo Ukara, na hata yangekuwepo yangekuwa na mwenyewe.

Kuzunguka rasi

Baba mdogo alirudi akiwa na samaki wawili kwenye kamba. Nilimtambua kwa masikio. Ni ya baba. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama kwa muda.

"Wewe ni Zakaria. Ulikuwa unakula mkaa."

"Niliacha, baba mdogo."

Hakuuliza kilichonileta, na mimi, ambaye kilichonileta kilikuwa kinacheuliwa nyuma ya ukuta, sikusema. Asubuhi yake alichukua fimbo akasema twende nione mahali alipo. Tulizunguka rasi nzima. Nitawaeleza nilichoona, maana siku ile sikuwa na kazi nyingine ila kuona, na kuogopa.

Pale shingoni kuna ukuta wa mawe, mfupi sasa, uliotoka maji hadi maji. Wazee wa ukweni kwake wanasema ulijengwa zamani za uvamizi, wakati watu wenye mitumbwi mikubwa walipokuwa wakija kuchukua ng'ombe. Kisiwa kizima kilikimbilia rasini, ng'ombe wakaingizwa kwenye nyufa za mawe na kulishwa majani kwa mkono. Baba mdogo anaamini hapo ndipo walipojifunza kufugia shimoni. Wengine wanabisha. Kwenye mwamba mmoja kuna mabakuli yaliyochimbwa kwa kusagia ulezi, laini hadi leo, yamejaa maji ya mvua na vyura.

Nchani kabisa kuna msingi wa nguzo. Wakati wa wakoloni palikuwa na taa ya kuongoza meli, na mtu wa kuiwasha. Nguzo imeondoka, chuma kimekuwa majembe. "Nao walileta mti wao mmoja," alisema, akinionyesha mkaratusi uliopinda kwa upepo. "Ni mti pekee hapa usio na mwenyewe. Hakuna ng'ombe anayeula."

Yeye aliletwa na serikali alinde miti ya rasini. Serikali ilipopunguza watu ikampunguza naye. Wenzake walirudi makwao.

"Mimi niliambiwa nirudi kwetu," alisema. "Nikajiuliza, wapi?"

Ndege wa Itare ni mnandi. Upande wa mawimbi mawe yamekuwa meupe kwa mavi yao, na harufu inakufikia kabla ya sauti. Wanakaa wamefungua mabawa kukausha, safu juu ya safu, kama nguo zilizoanikwa na mtu asiye na mpangilio. Chini yao kenge wanasubiri yai lianguke. Mdiria anasimama hewani, anajitupa majini, anatoka na kitu au bila kitu, anarudi palepale. Baba mdogo alinionyesha tope lenye nyayo za fisi maji. Zamani walikuwa familia nzima kwenye ghuba, alisema, wakila furu, vile visamaki vidogo vya rangi. Sangara amewala furu, na fisi maji wamebaki wachache, wanatoka alfajiri tu.

Na nilimwona furukombe, yule tai mla samaki. Mnajua nimemchora mara ngapi kwenye milango ya magari ya watalii, kutoka kwenye kalenda moja. Alikuwa juu ya mkaratusi. Alipolia alirusha kichwa nyuma hadi karibu kugusa mgongo, na koo lote jeupe likaonekana. Mimi nimemchora siku zote amefunga mdomo, anatazama mbele kama askari. Nilisimama nikihesabu kimoyomoyo ni milango ya nani na nani nitakayoomba niirudie.

"Una nini?" baba mdogo alisema.

"Nimekosea mdomo wake."

Alinitazama, akamtazama ndege. "Baba yako naye alikuwa hivyo. Kahawa ikiwa nje ya mstari hakulala."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kumtaja. Sikuwa na kitu mkononi, nikaitia mikono mfukoni. Chini yetu, kwenye kambi ya wavuvi ng'ambo ya ghuba, redio ilikuwa inapiga dansi na boti ya barafu ilikuwa inapima sangara. Wavuvi hao wamekata miti mingi ya rasi kwa kukaushia samaki. Yeye hana mamlaka tena. Huenda kila asubuhi akawaamkia na kukaa juu ya gogo walilotaka kulikata, akaongea nao habari za nyavu mpaka wachoke.

Wakati wa kukamua

Jioni Mama Tumaini alikuwa shimoni anakamua, kichwa chake usawa wa sakafu. Tulikuwa tunakunywa uji.

"Maziwa yameongezeka," alisema kutoka chini. "Ni yale majani ya Arusha."

"Majani gani?" aliuliza baba mdogo.

"Aliyoleta mwanao. Hukuambiwa? Amemletea ng'ombe majani, yamefungwa kwa kamba ya mgomba kama mtoto. Lingine lilikuwa refu, gumu, lina fundo. Nimejiuliza kwa nini walifunge fundo, nikadhani ndivyo mnavyobeba."

Baba mdogo aliweka kikombe chini. Hakunitazama mimi. Alitazama kile kitambaa mlangoni.

"Isale," alisema.

"Ndiyo, baba mdogo. Niliambiwa nikupe mkononi. Nilikuwa nanawa."

Sauti ya maziwa kwenye kibuyu ilikoma. Mama Tumaini aliuliza kuna nini, akaelezwa kwa kilugha chao, kwa maneno machache.

"Sasa ungelipata mkononi ungefanya nini?" alimuuliza mumewe kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie.

"Ningemrudishia."

"Ulishaamua?"

"Niliamua zamani. Nimelingoja isale hilo miaka yote ili nilirudishe."

Ndugu zangu, nimesafiri na jani hilo nikiogopa litakauka, litaoza, litakamatwa, litaanguka kwenye tope. Hilo la kurudishwa nilikuwa nimeambiwa na baba kwa mdomo wake, na bado sikuwa nimeliweka kwenye hofu zangu.

"Basi mrudishie," alisema Mama Tumaini.

Baba mdogo alimtazama ng'ombe. Ng'ombe alikuwa anacheua.

"Usinifanyie mzaha, mama."

"Si mzaha. Mimi nililipokea. Kwa mikono miwili, muulize huyu. Nikashukuru, mara mbili. Mimi si wa nyumba hii?"

"Wewe ni wa nyumba hii."

"Ng'ombe si wako?"

Baba mdogo aliinuka. Alitoka nje. Nilimwona kupitia mlangoni akipanda kwenye mawe, akasimama upande wa mnandi mpaka ndege wote wakawa wametulia. Mama Tumaini alimaliza kukamua, akatoka shimoni, akanipa maziwa ya moto. Sikuweza kuyanywa, kisha nikayanywa.

Aliporudi aliuliza jambo moja tu. "Kesho boti ya Bugolora inaondoka mapema?"

"Inaondoka ikijaa," mkewe alisema.

Kurudi

Njia ya kurudi haikuwa na mengi. Bandarini Mwanza yule mgambo alinikumbuka. Aliangalia mikono yangu mitupu, akamwangalia mzee niliyekuwa naye, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayehesabu watu wake. Basi halikuzama. Tulipouona Meru kwa mbali, umevaa wingu, baba mdogo alisema umepungua. Sikumwelewa, wala sikumuuliza.

Mpakani

Hakwenda nyumbani. Alipita nyuma, kwa njia ya mfereji, akaenda moja kwa moja kusimama pale ambapo masale yalikuwapo. Alipajua kati ya kahawa ile yote. Mimi nilikimbia kumwita baba.

Baba alikuja na fimbo yake, polepole, bibi nyuma yake ameshikwa mkono na mama. Ndugu wawili walisimama, mti mmoja wa kahawa ukiwa katikati.

"Ulilipokea?" baba aliuliza.

"Sikulipokea. Lililiwa na ng'ombe."

Baba alinigeukia. Nilitamani kueleza kila kitu tangu Makuyuni, lakini alishamgeukia mdogo wake tena.

"Ng'ombe wa nani?"

"Wangu."

Baba alibadilisha fimbo mkono.

"Ana maziwa?"

"Anayo. Yameongezeka."

Mama alikohoa. Bibi, ambaye hapendi maneno mengi shambani, aliamuru panga na miche ya masale iletwe kutoka kwenye ua la jirani. Waling'oa wenyewe ile kahawa iliyovuka, baba akiwa amekaa, akionyesha kwa fimbo ipi ni ipi. Kisha ikafika zamu ya kupanda. Baba mdogo alichimba shimo la kwanza, baba akaweka mche. La pili lilikwenda kushoto kidogo. La tatu likarudi kulia kupita kiasi.

Sikuweza kuvumilia. Nilitoa mfukoni kamba yangu ya kupigia mistari ya herufi, nikafunga ncha moja kwenye mgomba, nikaanza kuivuta.

"Zakaria," walisema, wote wawili kwa wakati mmoja. "Toa hiyo kamba."